Nyumba Iliyowekwa Rehani kwa Ajili ya Filamu

Usiku mmoja wa mwezi Februari mwaka 1957, kijana mmoja mwigizaji aliingia katika studio ya redio ya WOR mjini New York. Alikuwa amealikwa kuitangaza filamu mpya ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameigiza ndani yake. Kipindi kilikuwa cha Jean Shepherd, mtangazaji aliyependa kuzungumza na wale aliowaita watu wa usiku, yaani wasiopata usingizi na wale wenye sababu zao za kukesha. Badala ya kuisifu filamu ile, kijana yule akasema kwamba yeye angeweza kutengeneza iliyo bora kuliko hiyo. Akaongeza kwamba kama wasikilizaji wanataka kweli kuona filamu inayohusu watu, basi na walete dola moja moja au mbili mbili, naye ataitengeneza.

Maneno kama hayo husemwa usiku, kukipambazuka msemaji akajuta. Lakini wasikilizaji walileta. Noti za dola moja zilianza kufika katika bahasha, na hesabu ikapita dola 2,000. Kijana huyo alikuwa John Cassavetes, umri wake miaka 27, mzaliwa wa New York mwenye asili ya Kigiriki, na hakuwa amewahi kuongoza filamu hata moja. Sasa alikuwa na deni kwa watu asiowajua hata kwa sura.

Sisi wa redio tunaipenda hadithi hii kwa sababu zetu, na mtatusamehe. Ila leo nimeanza nayo kwa sababu nyingine. Tunapolisikia neno hatari katika habari za filamu, mawazo yetu hukimbilia kwa mtu anayeruka kutoka ghorofani, magari yanayowaka moto, au mpiga picha aliyefuata simba porini. Hizo ni hatari za mwili. Huwa zinapimwa, zinafanyiwa mazoezi, na wahusika hukatiwa bima. Ipo hatari nyingine isiyokuwa na bima. Hiyo ni ya mtu anayeanza kutengeneza filamu hali hajui bado watu wake watakuwa na hisia gani, wala mtazamaji atatoka ukumbini akiwa na hisia gani, halafu akaweka mali yake na jina lake juu ya kutojua huko. Cassavetes aliishi hivyo kwa miaka takriban 30, na kwa kuyatazama maisha yake tunaweza kuelewa kwa nini filamu za namna hiyo ni chache.

Hebu kwanza tuangalie filamu ya kawaida inavyotengenezwa. Kampuni inapotoa mamilioni, inataka kujua inanunua nini. Kwa hiyo mswada husomwa na kupitishwa na watu wengi kabla ya picha ya kwanza kupigwa. Kila onyesho lina kazi yake: hapa mtazamaji acheke, hapa aogope, hapa atoe leso. Na ili asikosee, muziki unatangulia kumwambia. Violini zikianza kulia, nawe unajua zamu yako imefika. Silaumu jambo hilo. Nimetoa machozi yangu katika filamu za Kihindi kama watu wengine wote, na sidai nirudishiwe. Lakini machozi hayo yalikuwa yamepangwa na mtu mwingine kabla sijakata tiketi.

Cassavetes alitaka kitu kingine, na mwanzoni hakujua kukipata. Wakati ule alikuwa akiendesha darasa la uigizaji mjini New York pamoja na rafiki yake Burt Lane. Katika mazoezi ya darasa hilo lilitokea onyesho moja lililomshika. Kijana wa Kizungu anampenda msichana ambaye kwa rangi yake anadhaniwa kuwa ni Mzungu. Kisha anakutana na kaka yake, naye ni mweusi wa kuonekana. Hapakuwa na mswada. Waigizaji walipewa hali hiyo na kuachwa wajibu kama wanavyoona. Hapo ndipo ilipozaliwa filamu ya Shadows.

Walipiga picha kwa kamera ndogo ya ukanda wa milimita 16, mitaani, bila vibali, kwa vyombo vya kuazima. Hapakuwa na mtu aliyeandika yanayosemwa, na sauti iliharibika mahali pengi. Cassavetes mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba ilibidi watafutwe watu wanaojua kusoma midomo ili kufahamu waigizaji walisema nini. Mtu anaweza kucheka, lakini fikiria mwenye filamu ambaye hajui maneno ya filamu yake.

Mwishoni mwa mwaka 1958 aliionyesha bure, usiku wa manane, katika jumba la Paris Theater hapo New York. Watu waliinuka na kuondoka kabla haijakwisha. Kwa masimulizi yake, aliyemtia moyo ni baba yake, ambaye alimwambia kwamba filamu haikuwa nzuri ila ilikuwa safi.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Walikuwapo walioipenda filamu hiyo ya kwanza. Jonas Mekas, mhakiki mwenye sauti kubwa miongoni mwa wapenda filamu za pembeni, aliipa tuzo ya jarida lake mwanzoni mwa mwaka 1959. Mtu mwingine angeshika tuzo yake akanyamaza. Cassavetes aliitazama kazi yake upya akaona kwamba alikuwa ameipenda mno kamera, na mitindo yake, na pembe zake za ajabu, hata watu wenyewe wakapotea. Akakopa, akawarudisha waigizaji, akapiga sehemu kubwa upya, safari hii maonyesho mengi yakiwa yameandikwa. Filamu hiyo ya pili ilionyeshwa mwezi Novemba 1959. Mekas alikasirika, akaandika kwamba ile ya kwanza ilikuwa na uhai na hii ya pili ni bidhaa. Mabishano hayo hayajafa. Filamu ile ya kwanza ilidhaniwa kuwa imepotea, hadi mtaalamu mmoja wa Kimarekani alipotangaza baada ya mwaka 2000 kwamba ameipata. Ikaonyeshwa Rotterdam mwaka 2004, na ukazuka ugomvi mpya na mjane wa Cassavetes, ambaye hakutaka ionyeshwe.

Mimi nimeiona hiyo ya pili tu, nami nasimama upande wa Cassavetes. Msichana, Lelia, analala na kijana wa Kizungu kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Filamu nyingi zingetuletea hapo muziki na pazia linalopepea. Hapa tunaona watu wawili waliolala wakiwa mbali, na msichana anasema kwamba hakudhani jambo lenyewe lingekuwa baya kiasi kile. Kijana hajui aseme nini. Baadaye anamsindikiza nyumbani, mlango unafunguliwa, kaka yake Hugh anaingia. Uso wa kijana unabadilika. Haendi mbali, hatukani, hafanyi ubaya wowote wa kuweza kushitakiwa. Anatafuta tu sababu ya kuondoka. Hugh ameshaona, maana ameyaona hayo tangu utotoni. Hapana muziki unaotuambia nani tumwonee huruma. Tunaachwa na uso ule, na kila mtazamaji anauhukumu kwa dhamiri yake.

Mwishoni mwa Shadows yako maandishi yanayosema kwamba filamu tuliyoiona ilibuniwa papo hapo. Maandishi hayo yamewapotosha wengi. Watu walidhani kwamba siri ya Cassavetes ni kuwasha kamera na kuwaacha waigizaji waropoke. Sivyo. Filamu zake zilizofuata aliziandika neno kwa neno kwa sehemu kubwa. Alichokataa kukiandika ni maana. Mwigizaji alipewa maneno, lakini hakuambiwa mtu wake ni mwema au mbaya, wala ayaseme maneno hayo kwa hasira au kwa upole. Mkewe, Gena Rowlands, aliyekuwa mwigizaji wake mkuu, alipomtaka amweleze namna ya kumwigiza mwanamke fulani, alijibiwa kwamba sehemu hiyo ameikubali, sasa ni yake, akaifanye. Ukitafakari utaona kwamba huo ni ukatili kidogo, na pia ni heshima kubwa.

Tena alibadilisha hata kazi ya mikono. Katika filamu za kawaida mwigizaji huchorewa alama sakafuni. Lazima afike pale pale na asimame, kwa sababu mpiga picha amekwisha kupima umbali wa lenzi, na taa zimeelekezwa hapo. Akipitiliza hatua moja sura yake inaingia ukungu. Sasa jaribu kugombana na mkeo huku unatafuta alama ya chaki kwa ncha ya kiatu. Cassavetes aliwasha taa chumba kizima, akawaacha waigizaji waende watakako, na mpiga picha akatakiwa awafuate. Matokeo yake picha mara nyingine inafifia, bega linaziba uso, mtu anasema kitu cha maana huku ametupa mgongo. Wahakiki waliuita uzembe. Lakini mtazamaji anajikuta ananyoosha shingo kama mtu aliyemo ndani ya chumba, anayetaka kuona yule wa nyuma amesikiaje.

Gharama ya utafutaji wa namna hiyo ni ukanda na wakati. Baada ya Shadows, Hollywood ilimwita. Akatengeneza filamu moja kwa kampuni ya Paramount, kisha nyingine, A Child Is Waiting ya mwaka 1963, kuhusu watoto wenye ulemavu wa akili. Wengi wa watoto waliomo walikuwa ni watoto hao wenyewe kutoka katika taasisi yao. Nyota walikuwa Burt Lancaster na Judy Garland. Mtayarishaji, Stanley Kramer, alimwondoa Cassavetes wakati wa kuhariri na kuikata filamu apendavyo yeye. Cassavetes alieleza tofauti yao hivi: filamu ya Kramer ilisema kwamba watoto hao wana huzuni na wanafaa kukaa peke yao, yake ilikuwa inasema kwamba watoto hawana taabu yoyote, taabu ni sisi watu wazima. Mnaona kwamba ugomvi haukuwa wa mkasi. Ulikuwa juu ya nani aamue mtazamaji ahisi nini. Baada ya hapo Hollywood haikumpa kazi ya kuongoza kwa muda mrefu.

Mwaka 1965, basi, aliingia nyumbani kwake. Filamu ya Faces ilipigwa kwa miezi sita, usiku usiku, katika nyumba yake na katika nyumba ya mama mkwe wake. Mmoja wa waigizaji wakuu, Lynn Carlin, alikuwa mwandishi mhutasi wa ofisini ambaye hakuwa amewahi kuigiza filamu. Walipiga zaidi ya saa 100 za picha. Kuhariri kulichukua miaka takriban mitatu, katika gereji ya nyumba hiyo, na pesa zilipokwisha Cassavetes alikwenda kuuza sura yake. Aliigiza katika The Dirty Dozen ya mwaka 1967 na Rosemary's Baby ya mwaka 1968, akarudi nyumbani na mshahara, akanunua ukanda. Kwa miaka yote hiyo hakuwa na msambazaji aliyeahidi kuichukua. Ilipotoka mwaka 1968, mwigizaji John Marley alipata tuzo mjini Venice, na yule mwandishi mhutasi akateuliwa kugombea Oscar.

Lakini ikiwa mtu ataniuliza aanze na ipi, nitamwambia A Woman Under the Influence ya mwaka 1974. Nick Longhetti ni msimamizi wa kikosi cha mafundi wa jiji la Los Angeles. Mkewe Mabel ana watoto watatu, ana mapenzi makubwa, na ana jambo fulani ambalo hatuambiwi jina lake. Amewapeleka watoto kwa mama yake ili awe na mumewe usiku mmoja tu. Bomba la maji linapasuka mjini, Nick anatakiwa kazini usiku kucha. Asubuhi anarudi, na kwa kuwa hajui namna ya kumkabili mkewe peke yake, anakuja na kikosi kizima. Wanaume karibu kumi wamejaa mlangoni, wamechoka, wana njaa. Mabel anawapikia tambi.

Onyesho hilo la mezani ni la kawaida kabisa mwanzoni. Watu wanapitishiana sahani. Mabel anamwuliza huyu jina, anamwuliza yule kama anataka zaidi. Anafurahi, nao wanafurahi. Mmoja anaimba, na anaimba vizuri. Mabel anamsogelea kumtazama kinywani sauti inakotoka, kama mtoto anavyofanya. Kisha anamtaka mwingine wacheze dansi. Yule mtu anaona haya, anamtazama bosi wake. Mabel anang'ang'ania. Hakuna jambo baya lililotendeka, lakini meza nzima imeanza kutazama sahani. Nick anastahimili, anastahimili, halafu anapiga kelele kumwamrisha akae chini. Kimya. Wanaume wanatafuta kofia zao.

Nani mwenye kosa hapo? Nimeliona onyesho hilo mara kadhaa na kila mara jibu langu limehama. Mara ya kwanza nilimchukia Nick. Mara nyingine nilimwona ni mtu anayempenda mkewe kuliko wote waliomo, na anayeaibika kwa sababu wenzake wanatazama. Safari moja nilijitazama mwenyewe, nikakumbuka meza nyingine, na mtu mwingine tuliyekuwa tukimwambia akae. Filamu haikunisaidia. Hapana daktari anayekuja kutuelezea ugonjwa. Anayekuja baadaye ni daktari wa kumpeleka hospitali, naye ana woga kama wengine. Mabel anakaa huko miezi sita. Siku ya kurudi, Nick, kwa nia njema ya kutisha, anakusanya umati mkubwa wa kumpokea, kisha anawafukuza wengi kabla mkewe hajaingia. Maana Nick anataka mkewe arudi kama alivyokuwa, na vilevile anataka asirudi kama alivyokuwa, wala hajui kwamba anataka yote mawili.

Hiyo ndiyo hisia ninayoizungumzia. Huruma tunaijua, na hasira tunaijua. Hapa kuna kitu kilicho katikati, ambacho sote tumekipitia nyumbani na hatukupewa jina lake, na mwongozaji naye hakujifanya analo. Alikitafuta mbele yetu.

Pesa zake zilitoka wapi? Makampuni yalikataa; nani atakwenda kumtazama mama wa nyumbani aliyepungukiwa akili, kwa saa mbili na nusu? Cassavetes na mkewe waliiweka nyumba yao rehani. Peter Falk, aliyeigiza kama Nick, na ambaye watazamaji wa televisheni walimjua kama mpelelezi Columbo wa koti lililochakaa, alitia fedha zake mwenyewe. Mafundi wengi wa filamu walikuwa wanafunzi wa American Film Institute, ambako Cassavetes alikuwa mgeni wa kufundisha. Mama yake mzazi aliigiza kama mama yake Nick, na mama mkwe wake kama mama yake Mabel. Filamu ilipokamilika hakuna msambazaji aliyeitaka. Ndipo Cassavetes na wenzake wakashika simu na kuwapigia wenye majumba ya sinema, mmoja baada ya mwingine, mji hadi mji, kama wachuuzi.

Safari hii bahati iliwasimamia. Filamu ilionyeshwa katika tamasha la New York mwaka 1974, watu wakaja, pesa zikarudi na faida juu. Cassavetes aliteuliwa kugombea Oscar ya uongozaji na Rowlands ile ya mwigizaji bora wa kike. Hawakushinda. Mwaka 1990 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa, na Shadows ikafuata mwaka 1993.

Ingekuwa ni hadithi ya kitabuni tungeishia hapo, mtu jasiri amelipwa kwa ujasiri wake. Lakini hatari ambayo lazima ilipe siyo hatari. Faida ya filamu hiyo ilimezwa na zilizofuata. The Killing of a Chinese Bookie ya mwaka 1976, kuhusu mwenye klabu ya usiku anayelazimishwa kuua ili alipe deni la kamari, iliondolewa majumbani baada ya siku chache tu. Miaka miwili baadaye aliitoa tena akiwa ameipunguza sana, na ikaanguka tena. Opening Night ya mwaka 1977 ilimpatia Rowlands tuzo ya mwigizaji bora mjini Berlin, lakini nyumbani Marekani haikupata msambazaji wa maana. Kwa miaka mingi filamu hizo mbili zilikuwa kama hazikutengenezwa.

Na tuseme ukweli wote. Wapo waliozichukia filamu zake kwa sababu za haki. Pauline Kael, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote katika Marekani ya wakati ule, hakuziweza kabisa. Ni ndefu. Watu wanacheka mpaka kicheko kinakuwa mzigo, wanalewa, wanarudia maneno. Kutafuta kuna ubaya wake: mara nyingine mtafutaji anarudi mikono mitupu, nawe umekaa naye saa mbili. Katika Husbands ya mwaka 1970 liko onyesho ambapo wanaume watatu wamekaa baa na kumsumbua mwanamke mmoja anayeimba, wakimwambia kwamba wimbo wake hauna hisia, aanze tena, na tena. Mmoja wa wanaume hao ni Cassavetes mwenyewe. Siwezi kulitazama bila kujiuliza kama huyu anayedai ukweli kutoka kwa mwenzake amepewa ruhusa na nani. Nadhani naye alijiuliza, maana aliliacha onyesho hilo ndani ya filamu, refu na la kuchukiza, na yeye mwenyewe akiwa katikati. Lakini sina hakika kwamba kuliacha kunatosha. Na ile nyumba iliyowekwa rehani ilikuwa na watoto watatu ndani yake. Tukisifu ujasiri wa baba tusisahau kwamba paa lilikuwa la wote.

Wenzake wa rika la chini walimsikiliza, hata pale maneno yalipouma. Martin Scorsese, akiwa kijana, alimwonyesha filamu aliyoitengeneza kwa malipo, Boxcar Bertha ya mwaka 1972. Cassavetes alimkumbatia, kisha akamwambia kwamba ametumia mwaka mzima wa maisha yake kutengeneza takataka, na akamwuliza kama hana jambo analolitamani mwenyewe. Scorsese alikuwa nalo, mswada uliolala. Mwaka uliofuata ukatoka kama Mean Streets, filamu ya vijana wa mtaa wake mwenyewe, na huko ndiko jina lake lilikoanzia.

Sasa basi, tumalizie na nyumba ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ini la Cassavetes lilikuwa limeharibika. Pombe ilikuwa imefanya kazi yake ya miaka mingi. Akiwa katika hali hiyo alitengeneza Love Streams, kwa fedha za kampuni ya Cannon, iliyozoea zaidi filamu za ngumi na risasi. Ilipata tuzo kuu ya Berlin mwaka 1984. Baadaye alimaliza filamu moja ya kazi tu, ambayo yeye mwenyewe hakuihesabu kuwa yake, na akafariki tarehe 3 Februari 1989, akiwa na umri wa miaka 59. Peter Falk alifariki mwaka 2011, na Gena Rowlands mwaka 2024.

Love Streams ilipigwa katika nyumba yao wenyewe, ile ile ya Faces, ile iliyokuwa ikiwekwa rehani. Rowlands anaigiza dada, Cassavetes anaigiza kaka, mtu mwenye pesa na pombe asiyejua kukaa na yeyote. Dada huyo anapenda kupita kiasi. Katika onyesho moja anafika kwa kaka yake na teksi zilizojaa wanyama, farasi wadogo, mbuzi, kuku, bata na mbwa, amemnunulia ili awe na kitu cha kupenda. Mtu anaweza kucheka au kulia, na filamu haimwambii lipi. Mwishoni ni usiku, mvua kubwa inanyesha, dada anaondoka na mizigo yake ndani ya gari. Kamera iko nje. Kaka amebaki ndani, amevaa kofia, tunamwona kupitia dirisha linalotiririka maji. Ananyanyua mkono na kupunga.